Bado Mbichi

Ukishuka ngazi za nyuma za hospitali ile, zile ambazo wageni hawazitumii, joto hukupokea kabla hujamwona mtu. Baada ya joto utasikia mashine, na baada ya mashine utasikia harufu: sabuni, dawa ya madoa, na chini yake harufu nyingine ambayo sabuni haijawahi kuishinda. Huko ndiko mashuka ya wagonjwa wote yanakoshuka yakiwa na damu na matapishi, na mengine ambayo si ya kusimulia mbele ya mtu anayekula. Na kutoka huko hupanda tena meupe, yamekunjwa pembe kwa pembe, kana kwamba hayajawahi kulaliwa na mtu mwenye maumivu.

Mkubwa wa chumba hicho cha kufulia alikuwa mama mmoja mfupi, ngozi ya mikono yake imekunjamana kwa maji mpaka kwenye viwiko. Mwendesha boila, mzee mcheshi ambaye naye watu walimwita Boila tu, ndiye aliyembandika jina la Mama Shuka. "Wewe ukifa," alimwambia siku moja mbele ya watu, "hatutahangaika kutafuta sanda. Tutakukunja kama unavyotukunjia, tukupandishe juu." Mama Shuka akamjibu bila kugeuka, "Na wewe ukifa tutakufungulia mvuke, upande mwenyewe." Tangu hapo wakawa marafiki, kwa maana kwamba hawakupitisha siku bila kutaniana.

Mama Shuka alikuwa mtu wa mateteni. Hili lazima lielezwe vizuri, maana bila hilo hakuna kisa. Zamani, kabla mji haujanenepa, pale penye stendi ya mabasi na maghala palikuwa na bwawa kubwa lililojaa matete, na kando yake waliishi watu wachache wenye lugha yao, wasukaji wa mikeka na vikapu. Mji ulipofika ulikausha bwawa. Watu wa mateteni hawakufukuzwa kwa bunduki. Waliambiwa wasogee kidogo, wakasogea, wakaambiwa tena wasogee, mpaka wakajikuta nyuma ya kiwanda cha mbao, kwenye vichochoro ambavyo maji machafu hupita katikati. Kazi walizopata ni zile ambazo wengine walizikunjia pua. Ndiyo maana kule chini ungekuta wanawake wa mateteni wameinamia masinki yote, na aliyesimama nyuma yao kuwasimamia, miaka nenda miaka rudi, alikuwa mtu wa kutoka kwingine. Hakuna aliyeandika sheria. Ilikuwa hivyo tu.

Mama Shuka alikuwa wa kwanza kuivunja desturi hiyo, na hata yeye alipita kwa bahati. Msimamizi aliyekuwepo aliugua, aliyepangwa kumrithi akakataa kukaa chini ya ardhi na joto lile, na wakubwa wakasema, haya, huyu mama ashike kwa muda. Muda ukarefuka. Alipopanda juu kwenye mikutano ya wakuu wa idara alikaa mwisho wa meza, na si mara moja mtu alimnyooshea kikombe kilichokwisha chai akidhani amekuja kukusanya vyombo. Mama Shuka alikipokea kikombe, akakipeleka kinakopelekwa, akarudi kuketi, akasema lililompeleka.

"Nikiondoka mimi," alimwambia Boila, "ule mlango utajifunga."

"Basi weka kitu katikati usijifunge."

"Ndicho ninachotaka. Nataka niweke mtu."

Hapo ndipo lilipoanza darasa la tenga. Mchana, mashuka ya asubuhi yakiwa kwenye mashine ya kukaushia na watu wamekaa kupumzisha miguu, Mama Shuka alikuwa akichukua tenga kubwa la kubebea nguo, analifudikiza sakafuni, halafu anamwambia mmoja wa wanawake wa mateteni, "Panda." Ukishapanda unapewa jambo la kusema. Wodi ya wazazi wanalalamika mashuka yamechelewa: wajibu. Dawa ya madoa imekwisha: iombe kwa Katibu. Nawe ulitakiwa uyaseme mashine zikinguruma, bila kupiga kelele na bila kutazama miguu yako. Ukisikika mpaka kwenye pembe ya chumba anakokaa Boila, umefaulu. Usiposikika, mzee yule aliweka kiganja sikioni akauliza, "Nani hapo? Panya?" na watu wakafa kwa kicheko.

Wengi walipanda wakashuka wakiona haya. Watu wa mateteni hawakuzoea kusimama juu ya kitu watazamwe. Aliyeendelea kupanda alikuwa Kidoti.

Kidoti aliitwa hivyo kwa sababu ya alama ndogo nyeusi kando ya pua. Alikuwa ameolewa na kuachika akiwa bado mdogo wa umri, na mama yake mzazi alikuwa amefanya kazi kwenye masinki yaleyale mpaka kifua kikaikataa dawa ya madoa. Siku ya kwanza kupanda tenga, Kidoti alilia. Safari nyingine akacheka mwenyewe kabla Boila hajamcheka. Halafu siku moja akaongea, na Boila akanyanyua mkono kutoka kwenye pembe yake kuonyesha kwamba sauti imefika.

Kuanzia hapo Mama Shuka hakumpa nafasi ya kupumua. Alimfundisha kupanga zamu ili mwenye mtoto anayenyonya asiangukie jioni na mwenye ugomvi na mwenzake asipangwe naye kwenye kukunja. Alimfundisha kupokea simu ya wodi. "Salamu kwanza, halafu neno lako. Usianze na samahani."

"Mama, na kama kweli tumechelewesha?"

"Sema mnaleta lini. Ukianza na samahani watatafuta kosa la kuiwekea, na kosa halikosekani."

Ila kumsifu, hapana. Kidoti alipanga zamu za mwezi mzima bila watu kununiana, jambo ambalo halijapata kutokea, na Mama Shuka alipoiangalia ile karatasi alisema tu kwamba penseli ni butu. Boila akashindwa kuvumilia.

"Hivi nyinyi watu wa mateteni mkisifu mtu mnaumwa meno?"

"Wetu hatumsifu."

"Kwa nini?"

Mama Shuka alikuwa ameshika shuka upande mmoja, akavuta pembe kwanza ikae sawa ndipo akajibu. "Tete likiwa bichi linakunjika, unalisuka unavyotaka, ni lako. Likiiva linakatwa. Linafungwa mzigo, linakwenda kwa mnunuzi, hulioni tena. Sasa mtu wako utamwitaje ameiva? Ukiulizwa habari zake na mgeni unasema bado mbichi. Hapo umesema kila kitu. Umesema ni wangu, nimemshika, simtoi. Anayeitwa ameiva ni mtoto wa wenyewe."

"Kwa hiyo mimi ukiniuliza nimeiva?"

"Wewe uliiva zamani. Umeanza kunuka."

Boila alicheka mpaka akashika bomba la moto akajiunguza. Lakini hilo la matete lilikuwa jambo la kweli kwao, zito kuliko alivyolichukulia. Wapo wazee waliosema kwamba bwawa lilipotea kwa ajili hiyohiyo, kwamba wageni walipouliza kuna nini kizuri hapa, kuna mpumbavu mmoja aliyejibu kwa fahari. Na neno lenyewe, bado mbichi, halikusemwa ovyo. Mzazi alilitoa mbele ya wageni, tena akiulizwa. Mama Shuka alikuwa hajamwambia Kidoti neno hilo. Hakuwa mama yake, na yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto aliyekaa. Kidoti naye hakudai. Lakini kila mgeni aliposhuka kule chini akauliza, "Na huyu ni nani?" Kidoti aliacha kukunja akangoja, na Mama Shuka akajibu, "Mfanyakazi."

Wakati wa Mama Shuka kustaafu ulipofika, nafasi yake ikatangazwa. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wawili: Kidoti, na karani wa stoo, kijana mpole wa watu wa mjini ambaye alikuwa hajawahi kushuka ngazi za nyuma ila mara moja alipopotea njia. Msimamizi anayeondoka ndiye angeulizwa mwisho.

Msidhani Mama Shuka alikwenda bila kujiandaa. Siku iliyotangulia, wenzake walipokwisha kwenda, alilifudikiza tenga akapanda yeye. Boila peke yake alikuwepo, anapunguza moto.

"Kidoti anaweza," alisema Mama Shuka. "Anapanga zamu, anazungumza na wodi zote, watu wanamsikiliza. Nampendekeza ashike nafasi yangu."

"Nimekusikia mpaka kwenye mifupa," Boila akamwambia. "Na meno?"

"Yanauma. Lakini huko juu nitakuwa msimamizi, namsemea mfanyakazi. Hilo ninaliweza."

Na angeliweza. Chumba cha usaili kilikuwa kidogo, feni linazunguka kwa huruma, ikabidi mlango uachwe wazi nusu ili watu wapate hewa. Kidoti alijibu yote. Hakutazama miguu yake. Alipoambiwa atoke akangoje, alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini, hatua chache kutoka mlangoni, na Mama Shuka akaitwa ndani. Walikuwepo Katibu wa hospitali na Matroni.

Katibu alikuwa mtu mwema, na wema huo ndio ulioharibu. Angeuliza kwa lugha ya ofisini, angeuliza utendaji wa mwombaji ukoje, Mama Shuka angesema alichokisema juu ya tenga. Badala yake alivua miwani, akaegemea mbele, akatabasamu kama mtu wa nyumbani.

"Mama, tusizungushe maneno. Huyu ni mwanao. Sisi hatumjui, wewe ndiye uliyemlea humu ndani. Haya tuambie, mwanao yukoje?"

Mwanao. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Mama Shuka neno hilo, tena mara mbili kwa pumzi moja, tena mkubwa, tena mgeni, tena akiuliza. Ule msemo wake alioufanyia mazoezi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa msimamizi, na aliyeulizwa sasa alikuwa mzazi. Aliinamisha macho kama inavyompasa mzazi.

"Bado mbichi," alisema.

Katibu akamtazama Matroni. Matroni akaandika.

"Tunakushukuru kwa ukweli wako," Katibu akasema taratibu. "Mwingine angembeba tu mtu wake."

Alipotoka, Kidoti alikuwa ameshanyanyuka kutoka kwenye benchi. Macho yake yalikuwa yamejaa. Alimshika Mama Shuka mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Mama," alisema. Hakusema Mama Shuka. "Nimesikia."

"Umesikia nini wewe?"

"Usinifanye nilitamke mwenyewe." Akacheka, akafuta pua kwa ukosi wa gauni la kazi, akateremka ngazi mbiombio kama mtoto wa shule.

Mama Shuka naye alifurahi, kwa urefu wa ngazi moja. Matroni alimfikia pale ngazi zinapopinda, akamgusa bega. "Usiwe na wasiwasi, mama. Hatutamkimbiza mtoto. Akikomaa, nafasi nyingine zitatokea." Akaendelea zake, viatu vyake vikilia ngazi baada ya ngazi. Mama Shuka akabaki ameshika chuma cha ngazi. Alisimama hapo mpaka mfagizi akamwomba apishe.

Kisha akarudi juu.

"Nilisema vibaya," alimwambia Katibu.

"Ulisema wazi kabisa, mama."

"Nilisema kikwetu. Kwetu mbichi si mbichi."

Katibu alijaribu kweli kuelewa, hilo tusimnyime. "Haya. Mbichi kwenu ni nini?"

"Ni wangu."

"Sawa, ni wako. Lakini mimi nataka kujua kama yuko tayari. Ameiva au hajaiva?"

Mama Shuka akafungua mdomo. Mlango ulikuwa bado wazi, na kule ukumbini walipita wanawake wawili wa mateteni wakisukuma kitoroli cha nguo chafu, wakamwamkia. Akaufunga mdomo.

"Unaona?" Katibu akasema bila ukali. "Hata sasa husemi. Sikia, mama. Kesho asubuhi nashuka kutangaza. Kabla sijatangaza nitakupa nafasi uage watu wako. Ukisimama mbele ya wote, naye yupo, ukasema kwa mdomo wako kuwa anafaa, nitarudi na neno hilo kwenye kamati. Usiposema, nitajua ulichokisema leo ndicho unachokiamini."

Jioni, kabla taa hazijawashwa nyuma ya kiwanda cha mbao, mama mzazi wa Kidoti alipiga hodi. Kifua chake kilisikika kabla yake. Chumba cha Mama Shuka kilikuwa na kitanda, pazia, na kiti kimoja kinachochechemea, na mgeni akakaa kitandani kwa sababu kiti hicho alikijua.

"Sitakaa sana, shoga. Nimekuja kwa neno moja. Mtoto hajala kwa furaha. Anazunguka ndani ananiambia, mama, leo nimepata mama mwingine, tena mbele ya wakubwa." Akapumzika kidogo kupata hewa. "Mimi nimemzaa, lakini sijawahi kulisema neno hilo kwa mkubwa yeyote. Nani angeniuliza?"

Mama Shuka akamweleza yote. Alieleza amesimama, mgongo kwenye mlango.

"Kwa hiyo kesho utamwita ameiva," mama yule akasema.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wetu."

"Mbele ya wote."

"Leo umemchukua, kesho unamtupa."

"Ili apate kiti, shoga. Mimi nikitoka pale bila mtu wetu kukikalia, tutarudi kwenye masinki tuinamie mpaka wajukuu."

"Kiti." Alilitamka kama jina la ugonjwa. "Wewe ulikipata. Haya, nionyeshe kilichokuletea." Akatazama kitanda, pazia, kile kiti kinachochechemea. Kisha akajutia maneno yake, akapapasa godoro kando yake kumwita Mama Shuka akae. "Mweleze basi mapema, ajue ni maneno ya mdomoni."

"Yeye nitamweleza. Na wale wengine? Likisemwa mbele yao limesemwa. Unamjua nani aliyelirudisha?"

Hakumjua. Kifua chake kilipiga filimbi. Wakati wa kuondoka, mama yule alisimama mlangoni. "Sitamwambia mimi," alisema. "Na wewe usimwambie. Mwache alale leo na furaha yake."

Asubuhi Boila alizima mashine zote. Ukimya wa kule chini ulikuwa kitu kigeni. Maji yalisikika yakidondoka mahali ambapo hakuna aliyejua kwamba panavuja. Katibu alishuka akinyanyua viatu kukwepa majimaji, Matroni nyuma yake, na karani wa stoo akasimama karibu na ngazi, mikono yake imeshikana. Kidoti alikuwa mbele, amevaa gauni la kazi alilolipiga pasi mara mbili. Uso wake ungedhani ni wa siku ya arusi.

Mama Shuka akavuta tenga. Akalifudikiza. Akapanda.

Alianza kwa salamu. Hakuanza na samahani. Hakutazama miguu yake, ingawa ndiyo siku pekee ambayo angeitazama.

"Naondoka," alisema. "Kabla sijaondoka nataka wakubwa wanisikie vizuri. Kidoti ameiva."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anakunja alibaki na shuka kifuani. Wengine wakashusha macho, mmoja baada ya mwingine, kama taa za barabarani zinavyozimika.

"Ameiva kabisa. Anajua kazi yote ya humu, anajua watu, anajua kusema na wakubwa. Sina kilichobaki cha kumfundisha. Mchukueni."

Kidoti kwanza alicheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Akageuka kuwatazama wenzake ili wamhakikishie kwamba amesikia vibaya, na hakupata jicho hata moja. Ndipo akashika ukingo wa sinki.

Waliopiga makofi walikuwa Katibu, Matroni na karani wa stoo. Boila aliwasha mashine bila kuambiwa, mapema kuliko ilivyotakiwa, na kelele ikafunika mengine.

Katibu alitimiza ahadi yake. Kamati ikakaa tena, ikasikia kwamba mama yuleyule jana alisema hivi na leo vile, ikaona njia ya salama ni kushika katikati. Kidoti akapewa ukaimu, kwa muda. Na juu yake, kwa ajili ya kumwongoza, akawekwa karani wa stoo, ambaye angesimamia stoo na chumba cha kufulia kwa pamoja akiwa palepale juu alipo. Mama Shuka alipoambiwa aliuliza muda huo ni mrefu kiasi gani. Wakamwambia mpaka itakapoonekana.

Siku aliyokwenda kuchukua kanga na kikombe chake, alimkuta Kidoti chini ya ngazi.

"Shikamoo, Mama Shuka."

Alilisikia jina zima. "Marahaba."

"Nimeelewa kwa nini," Kidoti akasema. "Katibu amenieleza. Boila amenieleza. Mama amenieleza. Kila mtu amenieleza isipokuwa wewe."

"Nikueleze nini ambacho hujakielewa?"

"Kichwani nimeelewa." Alikuwa anakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. "Wenzangu wananiamkia siku hizi kama wanavyomwamkia Matroni. Jana nilikaa nao kula, wakaninyanyukia. Sema tena lile la kwanza."

"Wapi?"

"Hapahapa. Hakuna mtu. Litakuwa letu tu."

Mama Shuka alitazama juu ngazini, akatazama chini kwenye mvuke. Yeye ambaye sauti yake ilifika kila pembe ya chumba kile alilitamka neno, lakini alilitamka kwa sauti ya mtu anayeiba, na mashine ya kukaushia ikaanza mzunguko wake mwingine nyuma ya ukuta. Kidoti alingoja. Alingoja mpaka ikawa wazi kwamba anangoja.

"Sikusikia," alisema.

Mama Shuka hakurudia. Akachukua kanga na kikombe chake.

Baadaye sana, magoti na moyo vilipomrudisha hospitalini kwa mlango wa mbele, walimlaza kwenye wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuvuta kona ya shuka kuitazama. Pembe kwa pembe. Akairudisha, akalala.

Kidoti alipanda na kitoroli asubuhi moja, kwa sababu aliyekuwa akikipandisha hakufika. Alifuatana na mwanamke mpya, wa mateteni kwa kila dalili, aliyetembea akiambaa ukutani. Muuguzi wa zamu akampokea Kidoti kwa bashasha.

"Na huyu mpya yukoje? Anaweza?"

"Ameiva," Kidoti akajibu palepale. "Hana shida kabisa. Nampendekeza." Sauti yake ilifika kitanda cha mwisho.

Yule mwanamke mpya akainamisha kichwa kama aliyepigwa kibao, akajishughulisha na foronya. Kidoti hakumtazama. Alikuja mpaka kitanda cha dirishani, akasimama, akaamkia. Akamgeuza Mama Shuka upande kwa mkono wa mtu anayejua mwili unaumia wapi, akalivuta shuka chafu, akatandika jingine.

"Bado kaimu?" Mama Shuka akauliza.

"Bado kaimu."

"Na tenga?"

"Limerudi kubebea nguo."

Mama Shuka alimwonyesha kwa kidevu yule mwanamke aliyekuwa amewapa mgongo. Alipunguza sauti, akatumia lugha yao. "Yule ni wa kwetu."

"Ni wa kwetu."

"Ni wako?"

Kidoti aliinama akaichomeka kona ya shuka chini ya godoro, akaivuta ikanyooka, akailaza kwa kiganja. Alipojibu alijibu kwa lugha ya mjini.

"Huku juu hatusemi hivyo," alisema, akaenda kitanda kinachofuata.